Kutoka Goma hadi Kilimanjaro: je, mwinuko wa mji wetu unatusaidia kitu?

Mwalimu wa Katindo (Goma)

Jambo sana ndugu zangu. Sisi ni kikundi cha walimu na jamaa zetu hapa Goma, na tumekubaliana kwamba likizo kubwa ijayo tutapanda Kilimanjaro. Fikira ya kwanza ilikuwa Ruwenzori kupitia Mutwanga, kwa kuwa mlima huo ni wetu, lakini hali ya usalama upande wa Beni haikuturuhusu hata kuanza kupanga. Safari ya Tanzania kupitia Kigali tunaifahamu, pasipoti zinashughulikiwa, na michango imeanza kuingia. Linalotusumbua ni ugonjwa wa mwinuko, maana kila tunayemuuliza anatupa jibu lake.

Wenzangu wengi wanashikilia kwamba watu wa Goma hatuna la kuogopa, kwa sababu mji wenyewe uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na baadhi yetu tumewahi kulala kwenye ukingo wa Nyiragongo, mita 3,470. Mimi nina mashaka. Usiku ule wa Nyiragongo, kabla ya mlipuko wa Mei 2021, aliyetapika hadi asubuhi alikuwa kijana mwenye nguvu kuliko sisi sote, anayekimbia kila alfajiri kando ya ziwa, ilhali mama mmoja mwenye wajukuu, aliyefika wa mwisho huku akisimama kila baada ya hatua chache, alikula wali wake akalala. Kama nguvu ndiyo kinga, mbona mambo yaligeuka hivyo?

Kampuni tuliyowasiliana nayo inatupa chaguo mbili: njia ya Marangu kwa siku tano, ambayo ni nafuu, au njia ya Machame kwa siku saba, ambayo inaongeza gharama ya kila mtu kwa kiasi cha kuumiza mfuko wa mwalimu. Je, siku mbili hizo zina thamani hiyo kweli, au ni biashara tu? Tena, vidonge vya Diamox vya kuzuia ugonjwa huo: mfamasia mmoja anasema tumeze wote, mwingine anasema vinaficha ugonjwa mpaka mtu aanguke ghafla. Nakusanya pia majibu kwa ajili ya shemeji yangu, ambaye amepita miaka hamsini na anameza dawa za shinikizo la damu, na kwa ajili ya binti mmoja wa kikundi ambaye vipimo vyake vilionyesha kuwa ni AS, yaani amebeba chembe ya sikoseli bila kuwa na ugonjwa kamili. Nitashukuru nikijibiwa na wanaoyajua mambo haya.

Muuguzi wa Himbi (Goma)

Mwalimu, swali lako la Nyiragongo ndilo lenye jibu la mengine yote, kwa hiyo naanza nalo.

Hewa ya kando ya Ziwa Kivu na hewa ya kilele cha Uhuru zina sehemu ileile ya oksijeni, takribani asilimia 21. Kinachopungua kadiri unavyopanda ni kanieneo ya hewa, yaani ule uzito unaoisukuma oksijeni iingie kwenye damu kupitia mapafu, na ukifika karibu mita 5,500 kanieneo hiyo imebaki nusu ya ile ya pwani. Mwili hujibu kwa kupumua haraka na kwa kina zaidi, lakini kupumua hivyo kunapunguza asidi ya damu, na ni figo zinazopaswa kurekebisha hali hiyo kwa kutoa bikaboneti, ile chumvi inayopunguza asidi, kwenye mkojo ili ubongo uruhusu pumzi iendelee kuwa kubwa. Kazi hiyo ya figo huchukua siku kadhaa, na miguu yenye nguvu haiiharakishi hata kidogo. Kijana wenu mkimbiaji alifika ukingoni mapema, akiwa amejichosha, figo zake zikiwa bado ziko Goma. Yule mama alipanda polepole, na pengine pia ana maumbile yanayostahimili, kwani watu hutofautiana sana katika jambo hili na hakuna kipimo cha damu kinachoweza kumtambua mapema atakayeugua. Mwongozo pekee wenye uzito ni historia ya mtu: aliyewahi kuugua mlimani yuko katika hatari ya kuugua tena akipanda kwa mwendo uleule. Kijana huyo, kwa hiyo, ndiye wa kuangaliwa kwanza, hata kama yeye mwenyewe atacheka.

Mita 1,500 za Goma ni msaada mdogo mno. Ugonjwa huu kwa kawaida huanza mtu akipita mita 2,500, na mwili uliozoea Goma haujaguswa na hali ya huko. Usiku mliolala Nyiragongo nao haumo tena mwilini, maana mazoea ya mwinuko hupotea ndani ya siku hadi wiki chache baada ya kushuka. Niongeze kwamba pale Nyiragongo kichwa kinaweza kuuma pia kwa moshi wa volkano. Wengine huchanganya hata na mazuku, ile hewa ya kaboni inayotuama mabondeni na kuua mbuzi na watoto huku kwetu. Hayo ni mambo mengine kabisa. Hewa ya Kilimanjaro ni safi, ila ni nyembamba.

Sasa bei. Kanuni inayofuatwa na madaktari wa milimani ni kwamba, ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala leo pasizidi mahali pa jana kwa zaidi ya mita 500 hivi, na kila baada ya siku tatu au nne uongezwe usiku mmoja wa kupumzika bila kupanda. Inayohesabiwa ni mahali pa kulala. Mchana unaweza kupanda juu zaidi ukarudi, na kufanya hivyo ni vizuri. Chukua njia ya Marangu ya siku tano uipime kwa kanuni hiyo. Usiku wa kwanza mtalala Mandara, karibu mita 2,700. Wa pili Horombo, karibu 3,700. Wa tatu Kibo, karibu 4,700, na huko hamtalala usiku mzima, kwa sababu mnaamshwa kabla ya saa sita ili kwenda kileleni, mita 5,895. Kila usiku mmeruka mita elfu moja, mara mbili ya kiasi kinachoshauriwa, na siku ya mwisho mnapanda karibu mita 1,200 kwa mpigo. Ratiba hiyo inaweza kumuumiza hata mtu mwenye afya kamili.

Machame ya siku saba si kamilifu, maana usiku wa pili unaruka kutoka mita 2,800 hivi hadi 3,800. Ila tazama kinachofuata: siku ya tatu mnapanda mchana hadi Lava Tower, karibu mita 4,600, mnakula huko, halafu mnashuka kulala Barranco, chini kidogo ya mita 4,000. Usiku wa nne Karanga, karibu mwinuko uleule. Wa tano Barafu, karibu 4,650. Zile siku mbili mlizotaka kuzipunguza ndizo zinazowapa figo muda. Kwa maoni yangu, kama fedha hazitoshi, ni afadhali mwende mwaka unaofuata kwa siku saba kuliko mwaka huu kwa siku tano. Ikiwa lazima iwe Marangu, basi iwe ya siku sita, yenye usiku mmoja zaidi hapo Horombo na matembezi ya mchana kuelekea Mawenzi, kilele cha pili cha mlima huo.

Kuhusu dalili, watu wote wa kikundi wazijue, wala wasimwachie mwongozaji peke yake. Ugonjwa wa kawaida huanza saa sita hadi kumi na mbili baada ya kufika mwinuko mpya: kichwa kinauma, na pamoja nacho kichefuchefu au kukosa hamu ya chakula, uchovu usiolingana na kazi iliyofanyika, au kizunguzungu. Kichwa chochote kinachouma baada ya kupita mita 2,500 kihesabiwe kuwa ni mlima mpaka ithibitike vinginevyo. Mtu huyo abaki alipo, apumzike, ameze parasetamoli au ibuprofeni, na asipande hata mita moja zaidi mpaka apone. Wengi hupona ndani ya siku moja au mbili. Akizidi kuumwa licha ya kupumzika, ashuke.

Zipo hali mbili zinazoua. Ya kwanza ni ubongo kuvimba: mtu anayumba kama mlevi, anajibu mambo yasiyoulizwa, analala kupita kiasi, anakasirika bila sababu. Ya pili ni maji kujaa mapafuni, ambayo mara nyingi hutokea baada ya usiku wa pili hadi wa nne, na inaweza kumpata hata mtu ambaye kichwa hakikumuuma kamwe: anapungukiwa pumzi akiwa ameketi, anakohoa, midomo na kucha zinageuka rangi, na baadaye makohozi yanatoka na povu la rangi ya waridi. Kwa hali zote mbili tiba ni kushuka mara moja, hata kama ni usiku wa manane na mvua inanyesha, angalau mita 300 na mara nyingi hadi 1,000, mpaka apate nafuu. Oksijeni ya chupa na dawa husaidia njiani, wala hazichukui nafasi ya kushuka.

Diamox nitaijibia baadaye, kwa sababu zamu yangu inaanza.

Mwongozaji mstaafu (Moshi)

Habari zenu. Nimefanya kazi ya kuongoza wageni kwenye mlima huu kwa miaka mingi, na mengi aliyoyaeleza muuguzi ni sahihi. Naongeza yale ambayo hayaandikwi kwenye vipeperushi vya kampuni.

La kwanza ni kwamba wapandaji huficha. Mtu ameshalipa, ameshawaaga watu nyumbani, ameshaahidi picha ya kileleni, kwa hiyo ukimuuliza habari za kichwa atakuambia kichwa ni kizima. Ndiyo sababu mwongozaji mzuri haridhiki na majibu, bali hutazama sahani. Mgeni aliyekula vizuri kambi ya Machame usiku wa kwanza, kisha kambi ya Shira usiku wa pili akawa anausukumasukuma wali kwa uma huku akisema ameshiba, huyo ameanza kuugua, na usiku huo sitamwacha alale bila kumpitia. Hutazama pia vidole: mtu anayeshindwa kufunga zipu ya koti lake mwenyewe, au anayefunga kamba za viatu kwa muda mrefu kupita kawaida, ubongo wake una shida. Halafu kuna kipimo cha mstari. Nachora mstari ardhini kwa fimbo, namwomba mgonjwa atembee juu yake akigusanisha kisigino cha mguu mmoja na vidole vya mguu mwingine, na kando yake namwekea mtu asiyeumwa afanye vilevile ili nipate kulinganisha, kwa maana ardhi yenyewe haiko sawa na taa ya kichwani huchanganya. Akikanyaga nje ya mstari mara kwa mara, mazungumzo yamekwisha, tunashuka.

La pili ni mwendo. Mtasikia "pole pole" tangu getini na mtaichoka. Kipimo chenu kiwe hiki: mtu aweze kuzungumza sentensi nzima bila kukatika pumzi. Akishindwa, anakwenda kasi mno, hata kama mbele yake wapagazi wanampita na mizigo kichwani. Wapagazi ni wazoefu, lakini nao ni binadamu. Nimewaona wakiugua wakanyamaza kwa hofu ya kukosa ujira. Mzigo wa mpagazi kisheria haupaswi kuzidi kilo 20. Mkiona kijana analegea, msemeeni.

Kuhusu maji natofautiana kidogo na wale wanaosema tunawanywesha wageni maji bila faida. Ni kweli kwamba maji hayazuii ugonjwa wa mwinuko. Lakini mtu aliyekaukiwa naye kichwa humuuma na huchoka, na mimi siwezi kutofautisha hali hizo mbili gizani pale Barafu. Kwa hiyo nawataka wanywe kiasi cha mkojo kuwa mweupe, lita tatu hivi kwa siku, bila kujilazimisha kupita hapo, kwani anayekunywa maji mengi kupindukia hupunguza chumvi ya damu na anaweza kuchanganyikiwa vilevile. Supu ya kitunguu saumu na chai ya tangawizi tunawapa kwa sababu zinapitisha chakula koo likikataa, ila msizihesabu kuwa dawa. Pombe iachwe hadi mtakaporudi Moshi, na vidonge vya usingizi vivyo hivyo, maana vinapunguza pumzi wakati ambapo inahitajika zaidi.

Usiku wa kileleni mwongozaji akikuambia geuka, geuka. Kikundi chenu kikubaliane kabla ya safari, tena kwa maandishi kama mnaweza, kwamba neno la kushuka halijadiliwi na kwamba atakayeshuka atashuka pamoja na mwongozaji msaidizi. Ulizeni kampuni waongozaji wasaidizi ni wangapi, kwa sababu mwongozaji mmoja hawezi kushuka na mgonjwa na papo hapo kuendelea na wazima. Ulizeni pia kama wanabeba oksijeni, na waombeni wawaonyeshe chupa yenyewe na kipimo chake kabla hamjapita getini. Jibu la "tunayo ofisini" halifai.

Mtaalamu wa maabara (Bukavu)

Mwalimu, mimi naingia kwa sababu ya binti AS, maana naona limepita bila kujibiwa na si jambo dogo huku kwetu ambako watu wengi wana chembe hiyo.

Tutenganishe. Mwenye ugonjwa kamili wa sikoseli, SS, asiende mwinuko huo kabisa; upungufu wa oksijeni ndio unaozikunja chembe nyekundu za damu na kuzibisha mishipa, na mlima ungekuwa unamtafutia maumivu makali au kifo. Mwenye AS kwa kawaida anaishi maisha yake bila shida, na wapo wengi wanaopanda milima mirefu salama. Hata hivyo kuna hatari inayojulikana kwao, ingawa si ya kila siku: damu kukosa kupita kwenye wengu, hali inayoleta maumivu makali ya ghafla chini ya mbavu za kushoto, pamoja na kichefuchefu au homa. Binti huyo aijue dalili hiyo, mwongozaji aambiwe tangu mwanzo, na maumivu hayo yakitokea ashushwe mara moja na apelekwe hospitali, wala asiambiwe kwamba ni tumbo la chakula cha kambini. Ajihadhari na kukaukiwa maji pamoja na mbio zisizo na lazima. Na kabla ya yote, kipimo kirudiwe kwa njia ya kutenganisha aina za hemoglobini, kwa sababu kile cha haraka ambacho hufanywa mahali pengi kinaonyesha tu kwamba chembe zinajikunja, hakisemi kama mtu ni AS au SS. Ikiwa wapo katika kikundi ambao hawajawahi kupimwa, wapimwe.

Jambo la pili ni malaria. Mtapita maeneo ya chini yenye mbu kabla ya kuanza kupanda, na hata hapa kwetu mtu anaweza kuondoka nayo. Maumivu ya kichwa, kutapika na uchovu ni dalili zilezile. Mlima wenyewe hauleti homa kali wala kutetemeka kwa baridi kunakokwenda na kurudi, kwa hiyo bebeni kipimajoto na vipimo vya haraka vya malaria, mpime, mtibu. Lakini wakati mnapima, msipande. Kuna watu wa kwetu ambao kichwa kikiuma popote duniani humeza dawa ya malaria na kuendelea na safari.

La tatu ni babula, yaani jiko letu la makaa. Kwenye Kilimanjaro makaa hayaruhusiwi, lakini nalisema kwa ajili ya wanaolala Nyiragongo au Karisimbi kwa baridi ile: babula isiingizwe kwenye hema, hata kama makaa yanaonekana yameshika vizuri na hayatoi moshi. Sumu yake haina harufu, na kichwa kinachouma kwa sababu yake kinafanana na cha mlima mpaka mtu asiamke.

Muuguzi wa Himbi (Goma)

Nimerudi. Asante mama wa maabara, hasa kwa hilo la babula.

Diamox ni jina la biashara la asetazolamidi. Inafanya kazi kwa kuzisukuma figo zitoe bikaboneti mapema, yaani inaharakisha ile kazi niliyoieleza juu. Kwa hiyo haifichi ugonjwa. Mtu akiimeza na kichwa kikaacha kuuma, ni kwa sababu mwili wake umezoea kweli. Mfamasia wako wa pili amechanganya na deksametasoni, ambayo hupunguza uvimbe bila kuuzoeza mwili, na mtu akiiacha ghafla akiwa bado juu anaweza kuumwa upya.

Kipimo cha kuzuia kwa mtu mzima ni miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kuanza kupanda hadi mtakapoanza kushuka. Mtakuta vidonge vya miligramu 250, basi mnavigawa nusu. Vidole na midomo vitachomachoma, mkojo utaongezeka, na soda itakuwa na ladha mbaya. Hayo yote si hatari. Msimeze kwa mara ya kwanza mkiwa getini: kila mmoja ajaribu siku moja au mbili akiwa nyumbani, ili ajue mwili wake unaipokeaje. Dawa hii ni ya jamii ya salfa, kwa hiyo mtu ambaye Bactrim au Fansidar iliwahi kumtoa malengelenge au kumvimbisha uso asiiguse kabla ya kuonana na daktari, na mwenye mimba vilevile. Kwa ratiba ya siku saba si lazima kila mtu aimeze, ila mimi ningempa yule kijana mkimbiaji bila kusita. Kwa ratiba ya siku tano ningewapa wote, na bado nisingelala usingizi.

Shemeji: kama shinikizo lake limetulia kwa dawa anaweza kwenda, baada ya kupimwa moyo na daktari anayezijua dawa zake. Nina sababu mbili za kusisitiza hilo. Shinikizo huelekea kupanda kidogo siku za mwanzo huko juu, kwa hiyo abebe kipimo chake na aambiwe mapema la kufanya. Na kama mojawapo ya dawa zake ni ya kukojoza, kuiongezea Diamox kunaweza kumkausha na kumpunguzia potasiamu. Asiache dawa zake kwa uamuzi wake mwenyewe.

Neno moja kuhusu vile vipimo vya oksijeni ya damu vya kubana kidoleni, kwa sababu najua mtanunua. Pale Barafu kipimo kinaweza kusoma asilimia 80 hivi, namba ambayo hapa wodini ingetufanya tukimbie, na mtu akawa mzima anapiga soga. Kidole baridi kinasoma chini zaidi. Tumieni kulinganisha mtu na wenzake wa kambi ileile: mmoja akiwa chini sana kuliko wote, tena amechoka, huyo mwangalieni. Aliye na namba nzuri huku anayumba ni mgonjwa.

Mwalimu wa Katindo (Goma)

Nawashukuru nyote. Nimewasomea wenzangu hesabu ya Marangu usiku kwa usiku, na ubishi umepungua. Nina maswali mawili yaliyobaki. Usiku wa Nyiragongo tulisikia mwenzetu mmoja akiacha kupumua usingizini kwa muda wa kututia hofu, halafu akavuta pumzi kubwa na kuendelea. Je, hiyo ni dalili ya mapafu? Na je, tununue deksametasoni tubebe, au hiyo ni kazi ya kampuni?

Muuguzi wa Himbi (Goma)

Pumzi hiyo ya kukatika na kurudi si dalili ya mapafu. Hutokea kwa watu wengi wazima wakilala juu, kwa sababu ubongo unabishana kati ya kutaka oksijeni na kuona kwamba hewa ya kaboni imeshapungua vya kutosha. Inachosha, maana mtu hushtuka mara kwa mara, na Diamox huipunguza. Uso na mikono kuvimba kidogo asubuhi nako ni kawaida. Msiyachanganye hayo na mtu aliye macho, ameketi, na bado anahema.

Deksametasoni bebeni, lakini mkononi mwa mtu mmoja aliyefundishwa, pamoja na karatasi iliyoandikwa na daktari wenu. Kwa ubongo uliovimba mtu mzima hupewa miligramu 8 mara moja, kisha 4 kila baada ya saa sita, huku anashushwa. Kwa maji ya mapafu dawa ni nifedipini ile inayotolewa polepole mwilini, miligramu 30 kila baada ya saa kumi na mbili, na hapa tena shemeji aangaliwe, kwa sababu itajumlishwa na dawa zake za shinikizo. Asimezeshwe mtu aliyepoteza fahamu.

Mwongozaji mstaafu (Moshi)

Nakazia hilo la mwisho. Nakuomba pia, Mwalimu, deksametasoni isitumike kumwezesha mtu afike kileleni. Nimekutana na wageni walioimeza kimyakimya usiku wa Barafu ili wapate nguvu, na mwongozaji asipojua, vipimo vyake vyote vya jioni vinakuwa vya uongo. Mkifika Moshi, mwambieni mwongozaji wenu majina ya dawa zote mlizobeba na nani anameza nini.

Kama ratiba inaruhusu na mfuko unaweza, fikirieni kupanda kwanza Meru, mita 4,562, hapo Arusha. Vibanda vyake viko karibu mita 2,500 na 3,570, na ukitoka huko ukapumzika siku moja au mbili kabla ya kuanza Kilimanjaro, mwili bado una kumbukumbu. Kwa watu wa Goma hata Karisimbi, mita 4,507, inayopandwa kutokea Rwanda, inaweza kufanya kazi hiyo njiani, mradi isipite zaidi ya wiki moja hivi kati yake na safari kubwa. Yule kijana wenu mkimbiaji apandie huko kwanza, muone anavyolala.

Mwalimu wa Katindo (Goma)

Tumeamua Machame, siku saba. Wawili wamesema watasubiri mwaka unaofuata kwa sababu ya gharama, na binti anarudia kipimo wiki hii.